Betri Isikae Bure

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye simu yake haipatikani lakini moyo wake tunao hapa; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia, msishangae, ni mimi; waheshimiwa wa meza kuu, na wale ambao mngekuwa meza kuu kama viti visingepungua; Mganga Mfawidhi wa zahanati hii, aliyeko likizo; wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wakaimu wakuu wa vitengo na wale wanaowakaimu wakaimu; viongozi wa dini mliotuombea mvua isinyeshe, na haikunyesha; wanakwaya mliosimama juani kwa majoho mazito; wazee wetu, mama zetu, vijana wetu; na wewe dereva wa gari la wagonjwa, uliyeliosha gari hili kila uchao bila kulikanyagisha lami hata mara moja: nawasalimu nyote, na yeyote niliyemsahau ajihesabu kuwa nimemtaja mara mbili. (Makofi ya wastani. Mtu anapiga miayo mpaka taya inalia.)

Ndugu wananchi, tumekusanyika katika uwanja huu wa zahanati, chini ya turubai la bluu na juu ya viti vya plastiki vya kuazima, kwa jambo moja zito, nalo ni kuuzindua rasmi Mpango Kabambe, Jumuishi na Endelevu wa Kutunza Betri za Magari ya Umma Yasiyotembea, na sambamba na hilo, kulikatia utepe gari la wagonjwa lililoegeshwa hapa kulia kwangu, jeupe pe, nailoni bado iko kwenye viti, ambalo mmekuwa mkiliangalia tangu mvua za mwaka jana na kuulizana litaanza kazi lini. Minong'ono nimeisikia. Wapo waliosema gari lililetwa kupigwa picha. Niwakumbushe utaratibu wetu, ambao si wa jana wala juzi: gari la umma halikanyagi barabara kabla halijazinduliwa, uzinduzi hauwi uzinduzi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana ratiba yake. Tulimwalika, akasafiri. Tukamwalika tena, akaumwa jino. Tukamwalika mara ya tatu, jino likapona, akasafiri. Gari likasubiri kwa nidhamu ambayo watumishi wengi wa idara yangu wangefaa kuiga.

Mimi binafsi, na sipendi kujisifu ila nikinyamaza sijui nani atanisifu, nimeyasomea masuala ya vyombo vilivyotulia kwa njia ya semina, warsha na makongamano, nimeketi kwenye kiti hiki vipindi ambavyo hata mwenyewe nimeacha kuvihesabu, na chini ya uongozi wangu idara imepiga hatua za kujivunia: ajali za magari ya wagonjwa zimeshuka hadi sifuri, matumizi ya mafuta yameshuka hadi sifuri, uchakavu wa matairi umeshuka hadi sifuri, na asilimia mia moja ya magari yetu ya wagonjwa, yaani hili moja, yako katika hali ileile yaliyotoka nayo kiwandani. Hiyo, kwa lugha ya kitaalamu, ndiyo sasteinabiliti. (Makofi. Kutoka safu ya nyuma: "Na wagonjwa je?") Wagonjwa watajadiliwa kwenye kipengele cha mengineyo.

(Mlango wa wodi unafunguliwa. Mkunga anatoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, anakwenda moja kwa moja hadi mezani na kusema kwa sauti ya kawaida, ambayo maikrofoni inaidaka na kuirusha uwanja mzima: "Mheshimiwa, samahani. Kuna mama ndani, mtoto amelala vibaya tumboni, hapa siwezi kumzalisha. Anatakiwa hospitali kubwa sasa hivi. Naomba gari.")

Ndugu wananchi, mmesikia kwa masikio yenu. Ni mpango gani mwingine umewahi kupata mnufaika kabla hata haujazinduliwa? Dada mkunga, ombi lako limepokelewa kwa mikono miwili. Gari utalipata mara tu baada ya uzinduzi, uzinduzi utafanyika mara tu baada ya hotuba, na hotuba, kwa heshima yako na ya huyo mama, naipunguza kutoka kurasa ishirini na mbili hadi kurasa ishirini. Tusikimbie. Haraka haraka haina baraka. (Bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye binti yake ndiye aliye ndani, anajibu bila kusimama: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. La binti yangu linauma tangu alfajiri.") Ahsante, mama, fidibaki yako tumeichukua.

Tuanze na msingi, maana mpango usio na msingi ni porojo. Betri ni nini? Betri ni sanduku zito lenye vichwa viwili, kimoja chanya na kingine hasi, na kazi yake ni kuiamsha injini asubuhi kama mke anavyomwamsha mume aliyechelewa kazini. Sasa wengi wenu mnadhani gari likisimama, betri nayo inapumzika. Hapana. Mshauri mwelekezi wetu, tuliyemleta kwa tiketi ya kwenda na kurudi, alitufundisha kwamba betri ya gari lililosimama inaisha polepole pasipo mtu kuigusa: saa ya gari inainyonya, alamu inainyonya, redio inainyonya hata ikiwa imezimwa, na hata wanyonyaji wote wakiondoka inajinyonya yenyewe. Ikifika chini kabisa na kuachwa hapo, ndani inaota chumvi, na ikishaota chumvi, ndugu zangu, uibembeleze usiibembeleze, haikubali tena kujaa. (Mtu kando ya nguzo ya turubai: "Sasa hilo la maana.") Nashukuru. Yote yangu ni ya maana, ila yanatofautiana kasi.

Mshauri alitupa mapendekezo, na mimi kama muumini wa uwazi nitawaeleza tulivyoyatekeleza. Kwanza alisema gari liendeshwe walau mara moja kwa wiki, mwendo wa nusu saa hivi, siyo kuliwasha dakika mbili na kulizima, kwa sababu kuwasha kunakula kingi kuliko kinachorudi. Pendekezo zuri sana, lakini lingevunja utaratibu wa uzinduzi, kwa hiyo tulilihifadhi kabatini. Akasema, kama haliendeshwi, basi waya wa kichwa hasi ufunguliwe, betri ikae bila kunyonywa. Kamati ilikutana kutwa nzima, chai na chakula cha mchana, ikabaini kwamba waya ukifunguliwa saa ya kwenye dashibodi itarudi sifuri, na siku mgeni rasmi atakapoketi mle kupigwa picha atakuta saa inasema uongo mbele ya wanahabari. Waya ukabaki. Akasema itafutwe chaja ndogo, ile inayotia umeme kidogo kidogo na kujizima yenyewe betri ikijaa. Hili tulilikubali kwa kauli moja. Tukaandaa semina ya kapasiti bilding kuhusu matumizi ya chaja, washiriki wakapewa fulana na mabegi, tathmini ikafanyika, tathmini ya tathmini ikafanyika, na ikabaki sehemu ndogo tu ya utekelezaji, ambayo ni chaja. (Kicheko. Mheshimiwa anakichukulia kuwa ni pongezi na kuinama kidogo.)

Lakini idara yangu hailali. Tulibuni njia yetu wenyewe, ya nyumbani, isiyotegemea mshauri wala mfadhili. Niliagiza kila asubuhi dereva awashe king'ora na taa za juu kwa muda wa kutosha, injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta, kusudi betri ifanye mazoezi na wananchi wasikie kwamba gari lao li hai. ("Kumbe ndiyo lilikuwa linalia vile kila siku," mwanamume mmoja anamwambia jirani yake. "Mimi nilikuwa najua wanapelekwa wagonjwa." Jirani: "Hata mimi. Nilikuwa nasimama kulipisha.") Juzi juzi dereva alikuja ofisini kwangu kulalamika kwamba sauti ya king'ora imeanza kuwa nyembamba. Nilimweleza kwamba ni baridi ya asubuhi, hata mimi inanipata.

(Fundi cherehani anapanda jukwaani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Ndiye mume wa aliye ndani, na mkwe wa yule bibi. "Mheshimiwa, sikuja kugombana," anasema. "Lakini yule ni mke wangu. Kata utepe twende.")

Ndugu fundi, pole sana, na hongera kwa moyo wa kijasiri. Suruali hii niliyovaa ni mshono wako, kwa hiyo usidhani sikujui. Ningekata sasa hivi, Mungu ni shahidi yangu, ila mkasi rasmi, ule wa mpini wa dhahabu, uko kwenye gari la mgeni rasmi, na kanuni ziko wazi kabisa kwamba utepe wa umma haukatwi kwa... (Fundi ametoa mkasi wake mfukoni na kuukata utepe mkato mmoja, umenyooka, kwa mazoea ya kazi. Shangwe kubwa kuliko zote za leo. Kwaya inapiga vigelegele.) Eeh. Basi. Kwa mamlaka niliyokabidhiwa natamka kwamba nilikuwa karibu kabisa kumwambia akate, na kwa hiyo gari limezinduliwa kwa mtindo shirikishi. Dereva, washa watu waone kodi zao.

(Dereva anaingia, nailoni inalia chini yake. Anageuza ufunguo. Hakuna kitu. Anageuza tena.)

Kimya hicho mnachokisikia, ndugu wananchi, ni cha teknolojia. Magari ya siku hizi hayana makelele. ("Halijawaka, Mheshimiwa," dereva anasema.) Halijawaka kwa maana ile ya zamani. (Boneti inafunguliwa. Watu wanachungulia kwa zamu. Mahali pa betri pana waya mbili zinazoning'inia na jani kavu.)

Naomba utulivu. Aliye nyuma pale asiseme neno wizi, ni neno baya, na leo halihusiki. Betri ipo, ina afya, na iko karibu nasi kuliko mnavyodhani. Asubuhi hii umeme ulikatika, kama mnavyojua, na mtakubaliana nami kwamba mpango wa ukubwa huu hauwezi kuzinduliwa kwa mdomo mtupu. Kamati, yaani mimi, ilifanya kikao cha dharura ikiwa imesimama, ikarejea kanuni mama ya mpango wetu, kwamba betri isikae bure, na ikaipatia ajira. Iko hapa chini ya meza, nyuma ya kitambaa hiki chenye maua, na ndiyo inayoendesha spika hizi mnazonisikilizia. Sasa niambieni, kama huo siyo utunzaji wa vitendo, ni nini? Betri iliyolala inaharibika, na hii yetu iko kazini tangu asubuhi. (Mkunga, polepole: "Kwa hiyo kila neno unalosema linakula betri ya mgonjwa wangu.") Mimi nisingeliweka hivyo. ("Na umesema maneno mangapi?") Hilo pia nisingeliweka hivyo.

Nipeni dakika moja ya kuhitimisha. Naomba kweli. Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu, nimeisoma mbele ya kioo, mke wangu akatokwa na machozi, na ukurasa wa kumi na saba una aya inayohusu nilivyoanza maisha nikiwa sina hata baiskeli, aya ambayo hakuna mtu ameisikia bado, na ambayo kwa unyenyekevu mkubwa naamini itawa... (Spika zinakatika. Mkunga ameinua kitambaa chenye maua na kuchomoa vibano vyote viwili.)

...itawagusa, na nitaisema hivi hivi. Mnanisikia huko nyuma? ("Hapana," wanajibu wa nyuma, wote kwa pamoja.) Basi nitapaza. Nilizaliwa katika familia ya kawaida. (Dereva na fundi wanapita mbele yake wameibeba betri, mmoja huku, mmoja huku. "Tupishe, Mheshimiwa.") Nimepisha. Nilizaliwa, kama nilivyosema, katika familia ya kawaida, na siku moja baba yangu akaniita akaniambia, mwanangu... (Waya zinafungwa. Ufunguo unageuzwa. Injini inajikongoja mara mbili kwa unyonge, halafu inanyamaza.) Mmesikia? Imeitikia. Nani alisema haitaitikia? ("Imeitikia kama mgonjwa anayeaga," anasema dereva. "Nguvu iliyobaki haiwezi kuzungusha stata. Lisukumwe mpaka mteremkoni, nitaweka gia ya pili, litashika.")

Kusukuma. Jamani, kusukuma hakumo kwenye ratiba. Baada yangu kuna kwaya, kuna risala, kuna picha ya pamoja. (Kwaya imeshavua majoho, imeyatundika kwenye viti vya meza kuu, na sasa imelishika gari kwa nyuma. Waimbaji wa sauti ya nne wanauliza washike wapi.) Waheshimiwa wa meza kuu, naomba mbaki mmekaa kwa ajili ya picha. (Waheshimiwa wa meza kuu wanainuka mmoja baada ya mwingine, wanavua saa na kuziweka mezani, wanashuka. Mheshimiwa anabaki juu peke yake na maikrofoni isiyosema.)

(Mama mjamzito anatolewa kwa machela, amefunikwa shuka ya maua, uso umeloa jasho. Akipita chini ya jukwaa anageuza kichwa na kusema bila hasira yoyote: "Baba, mimi nimekatazwa kusukuma. Wewe hujakatazwa.")

Mama, mimi... (Anatazama karatasi zake. Anatazama watu, ambao hawacheki. Anavua koti, analikunja vizuri, halafu hajui aliweke wapi, analiachia lianguke.) Nashuka. Ila ieleweke kwamba nashuka kwa hiari yangu, na kwamba hotuba inaendelea. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nishike wapi? ("Hapo, pembeni ya taa. Siyo taa yenyewe, itang'oka.") Pembeni ya taa. Sawa. Na kama inavyosema dira yetu, ukurasa wa kumi na tisa... ("Sukuma kwanza, Mheshimiwa.") Nasukuma, kaka, nasukuma. Dira yetu ni kuhakikisha kila gari la umma... haya, moja, mbili... jamani, hili ni zito. Mbona hakuna aliyeniambia kwamba ni zito namna hii? Nimekuwa nikilisimamia mwaka mzima na sijawahi hata kuliegemea.

(Machela imeshaingizwa nyuma ya gari, mkunga kando yake. Gari linatambaa. Changarawe inalia chini ya matairi, ambayo yamebonyea upande mmoja kwa kusimama. Linafika langoni.)

Niseme jambo ambalo halimo kwenye hotuba. Naogopa. Naogopa lisipowaka. Huyo mama ameniita baba, na mimi nilikuwa nasoma habari za baiskeli. Sukumeni, tafadhali. Msinisikilize, sukumeni tu.

(Gari linashika mteremko na kuanza kukimbia lenyewe. Dereva anaachia klachi. Linashtuka, linaruka kidogo, linatema moshi mweusi, linanyamaza kwa muda ambao watu wote wanaacha kupumua, kisha linanguruma. Halisimami. Mkunga anauvuta mlango wa nyuma likiwa mwendoni. Gari linapinda kona ya duka la vipuri na kuelekea hospitali kubwa, bila king'ora, maana dereva ana akili zake. Watu wanakumbatiana hovyo hovyo barabarani, mheshimiwa na asiye mheshimiwa.)

Limewaka. Mmeliona? Limewaka, na mikono yangu ilikuwepo. Ngojeni nihitimishe hapa hapa barabarani, maana nikikaa chini sitainuka tena. Mnifuate kwa kaulimbiu. Nikisema mpango, mjibu udumu. Mpango. ("Uko wapi?") Mjibu udumu. Mpango. ("Uko wapi?")

Naona muda umetutupa mkono, kwa hiyo niende kwenye shukrani. Natoa shukrani za dhati kwa wafadhili wa mpango huu, ambao tutawaandikia. Kwa mafundi wa mpango, ambao wataajiriwa. Kwa mshauri mwelekezi, ambaye tiketi yake ndiyo iliyokuwa bajeti yote. Kwa chaja, popote pale ilipo duniani. Kwa makao makuu ya mpango, ambayo yatafunguliwa mara tu utakapopatikana mlango. Na kwa kurasa tatu za mwisho za hotuba, zilizoeleza haya yote vizuri zaidi, na ambazo naziona kule langoni zimekanyagwa na kwaya. (Yule bibi, aliyekosa nafasi garini na sasa amesimama katikati ya barabara akifuatilia vumbi kwa macho, anamgeukia: "Mwanangu, likirudi litazimwa. Na usiku akija mwingine kama binti yangu, nani ataliwasha? Huo mpango?")

Mama yangu. Mpango ulikuwa karatasi. (Anajipangusa uso kwa tai.) Kwa hiyo mimi, Mkurugenzi wa mpango ambao haupo, mbele yenu nyote natoa agizo langu la kwanza linaloweza kutekelezwa leo hii: gari likirudi lisiegeshwe tena uwanjani. Liegeshwe pale juu, pua ikitazama mteremko, na jiwe chini ya tairi. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na tafadhali, mtakapokwenda kulala, msilale mbali.